Neno "arroba" la Wareno: ni uzito, ni alama ya baruapepe, au ni robo yetu hii hii?

Korosho_Kusini #1
Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinanisumbua wiki ya pili sasa. Mimi niko Mtwara, shughuli zangu ni korosho, na kuna jamaa wa Nampula kule Msumbiji huwa tunawasiliana. Juzi nimempigia anipe baruapepe ya ofisi yao, akawa ananitajia herufi moja moja, alivyofika kwenye ile alama ya @ akasema "arroba". Nikamwambia rudia. Arroba. Nikaandika hivohivo kwa herufi, barua ikagoma kwenda, nikampigia tena ndo akanielewesha kwamba kwa Kireno alama ile jina lake ni hilo.

Sasa jana napitia bei za ng'ombe Brazili (nina mpango wa mifugo huko mbele) nakuta kila bei imeandikwa kwa arroba. Ng'ombe wanapimwa kwa alama ya baruapepe? Na sikio langu mimi kila nikilisikia hili neno linasikia ROBO. Dai langu ni hili: Wareno walilichukua hapa hapa pwani, walipofika na Vasco da Gama 1498 wakakuta watu wanapimiana kwa robo wakaondoka nayo. Anayepinga aje na hoja.

mama_Nasra #2
Nimekaa mbele kabisa. Ngoja waje wenyewe.

Ustadh_wa_Tanga #3
Assalaam alaykum. Mleta uzi sikio lako ni zuri ila safari umeigeuza. Neno ni la Kiarabu, ar-rub'u, yaani sehemu moja ya nne. Waarabu na Waberiberi waliingia Iberia mwaka 711, Algarve ambayo leo ni kusini ya Ureno ilibaki mikononi mwa Waislamu mpaka 1249. Hapo ni zaidi ya miaka 500 watu wanauziana ngano na mafuta kwa vipimo vya Kiarabu. Vasco da Gama alipofika Malindi neno lilikuwa tayari ndani ya meli yake, hakuja kulichukua kwetu.

Na tazama herufi zake. Mbona wameandika r mbili? Waliosoma madrasa wanajua, ile "al" ikikutana na herufi ya jua, laam haitamkwi, inamezwa na herufi inayofuata. Ndiyo maana tunasoma ar-Rahmaan na siyo al-Rahmaan. Wareno walisikia ar-rub' wakaandika kama walivyosikia, na idghamu ile (kumezwa kule) imebaki kwenye tahajia yao mpaka leo. Kila nikiliona neno hili nafurahi kweli, ni kama kusikia mtu wa karne ya 10 anasoma.

Kijana_wa_Likoni #4
Ustadh shukran. Lakini mimi nilisomeshwa na mzee mmoja hapa Mombasa kwamba arroba ni arobaini, yaani ratili arobaini (ratili, kile kipimo cha wazee cha kama nusu kilo) ndio arroba moja. Jina lenyewe si lasema? Aroba, arobaini.

Ustadh_wa_Tanga #5
Mwanangu wa Likoni, mzizi ni mmoja (raa, baa, ayn), humo ndimo inatoka arba'a ambayo ni nne, arba'iin ambayo ni arobaini, na rub'u ambayo ni robo. Ndugu wa tumbo moja lakini kila mmoja na jina lake. Mwenye mirathi anajua tofauti, mke asiyeachiwa mtoto anapata rub'u ya mali, mwenye mtoto thumni. Hakuna aliyewahi kumpa mjane arobaini akasema ni robo.

FundiMizani #6
Na hesabu inaikataa hiyo arobaini pia. Mimi natengeneza mizani, vipimo vya zamani ndo ugonjwa wangu, kwa hiyo mnivumilie niandike kirefu.

Arroba ya Ureno ilikuwa arrátel 32. Arrátel moja ni gramu 459. Zidisha unapata kilo 14.688, watu husema 14.7. Arroba nne ndo quintal moja, yaani arrátel 128, kama kilo 58.75. Basi mtu akiuliza "robo ya nini" jibu ni hilo, robo ya quintal.

Sasa tazama hilo neno arrátel, toa "ar" ya mwanzo unabaki na nini? RATILI. Hii hii ya wazee wetu! Açúcar toa "a" ya mwanzo unaona sukari. Azeite, mafuta ya zeituni, unaona zeti. Wareno na Wahispania walilimeza neno pamoja na "al" yake, sisi tukalichukua bila "al". Ndo maana nakubaliana na ustadh kwamba hatukupeana na Wareno, kila mmoja alichota kisimani kivyake. Tungekuwa tumelichukua kwao leo tungesema "aroba ya kilo" na siyo robo ya kilo.

Korosho_Kusini #7
Dah. Nimekubali kuhusu safari. Lakini Fundi hapo umeniacha, kama ni robo si ingekuwa 25 ya 100? Hiyo 32 ya 128 imetoka wapi, mtu gani anahesabu mpaka 128?

Binti_Ughaibuni #8
Hiyo 25 ipo mkuu, ipo Hispania. Arroba ya Castilla ni libra 25 (libra ndo ratili yao), kama kilo 11.5, robo ya mia moja kamili. Mimi nilisoma Zaragoza upande wa Aragón, kule arroba yao ya zamani ilikuwa libra 36, kama kilo 12.5. Na bado kuna arroba ya kimiminika! Ya mvinyo ilikuwa lita 16 na kidogo, ya mafuta lita 12 na nusu. Kwa hiyo mtu akikwambia arroba muulize kwanza ya wapi, halafu muulize ya nini.

FundiMizani #9
Asante Binti, umenisaidia. Kuhusu 128, mimi jibu langu ni la fundi. Ukiwa na mizani ya vikono viwili na mawe, kitu rahisi kuliko vyote ni kugawa nusu kwa nusu. 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Hauhitaji kujua kusoma, unaweka huku na huku mpaka zilingane. Na arrátel yenyewe wakaigawa onça (wakia) 16, yaani nusu ya nusu ya nusu ya nusu tena. Mfalme Manuel I ndo alisimamisha hiyo arrátel ya onça 16 na kusambaza mawe ya shaba kwenye miji, yale yanayoingiana moja ndani ya jingine kama vikombe vya sufuria. Mwaka 1499 umechongwa kwenye mengine mpaka leo.

Mpwapwa_Original #10
Mkuu #9 hiyo ya nusu kwa nusu ni nzuri ila mimi naona biashara ndo sababu. Mnunuzi siku zote anataka "mia" iwe kubwa kuliko mia. Quintal maana yake mia, hilo lipo wazi kwenye jina, sasa mia ikiwa 128 nani amefaidi? Hii ni LUMBESA wakuu, tena ya kifalme. Mimi nimelima viazi Njombe misimu minne, gunia linaitwa la kilo mia, linafungwa na kilemba juu mpaka kamba zinalia. Mwaka juzi nilikopa mizani ya jirani nikapima magunia yangu kabla gari halijaja, moja lilisoma 134. Nililipwa gunia, siyo kilo. Kilo 34 zangu za jasho kila gunia zilipanda gari bure. Kwa hiyo mtu akiniambia mia ni 128 mimi simuulizi hesabu, namuuliza nani alikuwa anashika kamba.

mama_Nasra #11
Pole sana kaka. Ya nyanya matenga ndo usiseme.

Ustadh_wa_Tanga #12
Kuna sura nzima inaanza na ole wao wapunjao. Pole ndugu yangu.

Kwenye "mia" nikamilishe. Qintaar ipo ndani ya Qur'an, Aal Imran aya ya 14, mirundi ya dhahabu na fedha. Lakini asili yake siyo Kiarabu, ni centenarium ya Kilatini, yaani ya mia, ikapita kwa Wagiriki na Washami ndipo ikafika kwa Waarabu. Waarabu wakairudisha Iberia ikawa quintal. Imetoka Rumi ikazunguka bahari yote ikarudi karibu na Rumi.

FundiMizani #13
Na ratili hivohivo! Ni litra ya Kigiriki, herufi zikapinduana njiani. Na lita hii ya maziwa inatoka kwenye litra hiyo hiyo kupitia Kifaransa. Kwa hiyo ukienda dukani ukasema "nipe lita moja ya mafuta" na babu yako akasema "ratili moja ya mafuta", mmetaja neno moja.

Kijana_wa_Likoni #14
Subhanallah. Hii nitamwambia mzee leo usiku.

Daktari_wa_Mifugo #15
Nimechelewa ila niingie kwenye ng'ombe maana nilisoma Goiás, Brazili, miaka mitano, na neno hili nimelila kama wali.

Brazili arroba ni kilo 15 kamili, waliizungushia baada ya kuingia mfumo wa mita. Lakini mleta uzi usije ukanunua ng'ombe kwa kukosea, ile bei uliyoiona siyo ya kilo 15 za ng'ombe aliye hai. Ni kilo 15 za NYAMA NA MIFUPA baada ya kuchinjwa, kutoa ngozi, kichwa, miguu na matumbo. Kwa mazoea ng'ombe anatoa nusu ya uzito wake, kwa hiyo arroba moja ni kama kilo 30 za ng'ombe anayetembea. Dume la kilo 540 wanakwambia "dume la arroba 18". Mfugaji mzoefu anaegemea uzio, dume linapita mbele yake kwenye ujia, anatema mate pembeni anasema "kumi na nane", na mizani ikipimwa anakosea kilo chache tu. Mpaka soko la hisa la São Paulo mkataba mmoja wa ng'ombe wa kunenepeshwa ni arroba 330.

Halafu kuna arroba yenye damu. Karne ya 18 Ureno iliidai Minas Gerais, eneo la migodi kule Brazili, arroba 100 za dhahabu kila mwaka, karibu tani moja na nusu. Migodi ilipoanza kuisha kiwango hakikushuka, pungufu likawa linadaiwa kwa watu, kwa nguvu, wakiita derrama. Hofu ya derrama ndo iliwasha njama ya uhuru ya 1789, na Tiradentes, mmoja wa wana njama hao, akanyongwa Rio tarehe 21 Aprili 1792. Leo ni sikukuu ya taifa. Watoto wa shule kule wanajua "arroba 100" kama sisi tunavyojua kodi ya kichwa.

Mpwapwa_Original #16
Umeona sasa. Nani alishika kamba.

Daktari_wa_Mifugo #17
Mkuu wa Njombe ngoja nikukorofishe kidogo. Watu wa chini nao walikuja kuzipenda hizo arroba. Serikali ya Brazili ilipopitisha sheria ya kilo na mita 1862 na baadaye ikaanza kuibana, wakulima wa kaskazini mashariki waliingia magulioni 1874 kuanzia Paraíba wakavunja mawe ya kilo wakayatupa. Uasi wenyewe unaitwa Quebra-Quilos, vunja kilo. Kodi za gulio zilikuwa nyingi na watoto wao wanachukuliwa jeshini, kwa hiyo siyo kilo tu, ila kilo ndo waliyoipiga nyundo. Waliona kipimo wasichokijua ni kibali cha kupunjwa.

Mpwapwa_Original #18
Hapo nakuelewa kabisa kabisa, kipimo ukikijua hata kama ni kibaya unajua unaibiwa kiasi gani.

Kodi_na_Kahawa #19
Mmesahau alama @ ambayo ndo nusu ya swali. Mimi mtu wa kompyuta. Ray Tomlinson, 1971, Marekani, ndiye aliyeichagua kutenganisha jina la mtu na jina la mashine. Aliangalia kibodi akatafuta alama isiyoweza kuwa ndani ya jina la mtu. Ilikuwepo kwa sababu wahasibu waliitumia kuandika bei, mayai 10 @ shilingi kadhaa. Kwa hiyo asili ya alama ni "a" ya biashara, wengine wanasema ni "ad" ya Kilatini iliyoandikwa haraka, wengine "à" ya Kifaransa yenye mkia. Wareno waliibandika jina la uzito baadaye tu.

Binti_Ughaibuni #20
Kodi hapana, kwenye "baadaye tu" sikubali. Kule Aragón kuna daftari la forodha la Ariza la mwaka 1448, ngano inavuka kutoka Castilla, na alama imeandikwa pale, a yenye mkia uliozunguka, maana yake arroba. Hiyo ni zaidi ya miaka 500 kabla ya baruapepe. Wakati Tomlinson anaichagua Wareno na Wahispania walikuwa wanaiita arroba tangu enzi za wino.

Kodi_na_Kahawa #21
Sawa dada, ila mwanahistoria wa Italia Giorgio Stabile mwaka 2000 alileta barua ya mfanyabiashara wa Firenze, Francesco Lapi, ya Mei 1536 kutoka Sevilla, na @ mle ni ANFORA, mtungi wa mvinyo. Anasema @ moja ya mvinyo ni sehemu ya 30 ya pipa. Mtungi, siyo robo.

FundiMizani #22
Mkuu umejifunga mwenyewe. Lapi aliandika akiwa wapi? Sevilla. Pipa kubwa la mvinyo kule Andalucía, bota, ni arroba ngapi? THELATHINI. Binti #8 ametupa arroba ya mvinyo lita 16 na kidogo, zidisha 30 unapata lita 480 na zaidi, ndo pipa lenyewe. Mimi naona Lapi ameshika arroba mkononi, ameiita anfora kwa sababu anamwandikia Mtaliano.

Kodi_na_Kahawa #23
Au Mhispania ndiye aliichukua alama ya anfora ya Kitaliano akaiita arroba kwa sababu vipimo vilikaribiana. Hesabu yako inaenda pande zote mbili mkuu. Na kuna hati ya Kibulgaria ya 1345 yenye alama kama hiyo mwanzoni mwa "Amina". Hao nao walikuwa wanapima nini?

FundiMizani #24
Hapo umenibana. Bado ngano ya Ariza haikai kwenye mtungi wa mvinyo.

mama_Nasra #25
Hawa wawili watatumaliza bando. Mimi nauliza wengine wanaiitaje @, maana sisi tunasema "ati" basi.

Kodi_na_Kahawa #26
Waitaliano konokono, Waholanzi kimkia cha nyani, Warusi mbwa, Wagiriki kibata. Wareno na Wahispania ndo wanapima kilo.

Mie_wa_Wete #27
Salaam. Mie n'nasoma tangu mwanzo kimya kimya. Mbona hamna alotaja frasila? Karafuu zetu Pemba wazee walikuwa wakiuza kwa frasila, ratili 35, kama kilo 16. Arroba kilo 14.7, frasila kilo 16, hivi si kitu kimoja hichi? Labda Wareno walokaa huku ndo waloileta.

Ustadh_wa_Tanga #28
Hapana dada yangu, kwenye hili mambo yamegeuka, wao ndio walioikuta. Frasila ilikuwa kipimo cha bahari yetu hii toka Arabuni mpaka Malabar kule India kabla hawajafika. Wareno waliiandika "farazola", na António Nunes mwaka 1554 aliandika kitabu kizima cha vipimo vya India ili makarani wao wasipotee. Frasila 20 ni bahar moja, kipimo kikubwa cha mizigo.

Korosho_Kusini #29
Lakini swali lake lina uzito. Kwa nini kila mahali kuna kipimo cha kilo 11 mpaka 20? Arroba, frasila, mpaka debe letu la mahindi linacheza hapo hapo kwenye 18 au 20. Mimi nadhani ni bega. Ni mzigo ambao mtu mmoja anauinua kutoka chini bila kuita mwenzake, na akipewa minne anaita punda.

Daktari_wa_Mifugo #30
Hiyo ya bega nimeipenda. Quintal mbili ni kilo 117, ndo mzigo wa kawaida wa nyumbu (yule chotara wa punda na farasi), pande mbili. Arroba nne kulia, nne kushoto.

FundiMizani #31
Msinichukulie nusu kwa nusu yangu, hiyo hiyo nne na nne ni nusu kwa nusu!

Mlezi_wa_Evora #32
Wakuu niko Ureno, Alentejo, mwaka wa sita. Arroba huku haijafa, ipo kwenye magome. Wanauza koki, ile ya vizibo vya chupa, inatoka kwenye gome la mti wa mwaloni, na bei ni kwa arroba ya kilo 15. Mti ukibanduliwa unasubiri si chini ya miaka tisa, kwa hiyo wanaupaka namba nyeupe kwenye shina, tarakimu ya mwisho ya mwaka. Ukikuta 7 unajua ulibanduliwa 2017, unahesabu mwenyewe. Kiangazi nilifanya kazi ya kupanga magome kwenye rundo. Mbanduaji anachoma shoka kwenye gome kisha anazungusha mpini, gome linalia "kraaa" linatoka zima kama mlango, chini yake shina ni jekundu la kuiva. Jioni msimamizi anapiga simu anasema tuna arroba kadhaa, na mtu wa upande wa pili haulizi kilo. Metriki imeamriwa hapa tangu Desemba 1852 na bado.

Korosho_Kusini #33
Mkuu wa Évora hebu nisaidie, huyo msimamizi akikutajia baruapepe yake anasemaje?

Mlezi_wa_Evora #34
Arroba. Nimemuuliza siku moja kama anajua ni neno moja na la magome, akasema hajawahi kufikiria. Nikamwambia kwetu tunasema robo. Akaniuliza robo ya nini.

Mpwapwa_Original #35
😀 Mwambie ya 128.

Mie_wa_Wete #36
N'nempigia bibi sasa hivi kumuuliza frasila. Anasema shamba la mpunga la babu walikuwa hawalitaji kwa eka, ni "shamba la pishi tatu", yaani mbegu zinazoingia. Na anasema pishi ya kununulia na pishi ya kuuzia kwa baadhi ya watu hazikuwa pishi moja.

Daktari_wa_Mifugo #37
Dada wa Wete umefungua nyingine! Brazili wana alqueire, Kiarabu al-kayl, kipimo cha nafaka. Ureno ni kipimo cha lita 13 au 14 hivi, Brazili limegeuka ARDHI, eneo la kumwaga mbegu hizo. São Paulo ni mita za mraba 24,200 na Goiás 48,400, mara mbili kamili, jina lile lile. Nilishuhudia mtu anataka kununua shamba akidhani ni la kipimo cha kwao.

FundiMizani #38
Hilo lifungulie uzi wake mkuu, nakuja na mizani.